Dakika ya tano: dawa ya dharura ya kifafa na namna ya kuitumia bila kumdhuru mgonjwa

Katika kliniki za Kisumu na vijiji vinavyoizunguka, baadhi ya wazazi wenye mtoto mwenye kifafa hurudi nyumbani na dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kumeza kila siku. Ya pili ni chupa ndogo ya kioo yenye diazepamu, pamoja na bomba la sindano na maelezo mafupi: mpe akishikwa. Maelezo yakiishia hapo, mzazi amekabidhiwa kitu chenye nguvu bila kujua wakati wa kukigusa na wakati wa kukiacha.

Hapo ndipo makosa ya namna mbili huzaliwa. Kuna nyumba ambako dawa hutolewa mara tu mtoto anapokaza mwili. Kuna nyingine ambako dawa huogopwa kuliko kifafa chenyewe. Mtu alishasikia kwamba inakata pumzi, basi anangoja, anaomba, anampigia shangazi aliye Nairobi, na saa inakwenda hadi dakika ya 20. Kwa maoni yangu kosa la pili ni baya zaidi. Lakini yote mawili yana chanzo kimoja: hakuna aliyeangalia saa, na hakuna karatasi nyumbani inayosema kifanyike nini saa ikifika.

Tuanze na saa. Shambulio la kifafa la kuanguka, lile ambalo mwili hukakamaa kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika, mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika 1 hadi 3. Halihitaji dawa yoyote ya dharura. Linahitaji mtu wa kusogeza jiko na panga, kuweka kitu laini chini ya kichwa, kulegeza tai ya shule, kumgeuza mgonjwa alale ubavu, kisha kusubiri bila kumkandamiza. Kijiko hakiingizwi mdomoni, wala kidole, wala kijiti. Ulimi haumezwi. Kinachotokea ni meno kuvunjika na kidole cha msaidizi kutafunwa. Kiatu cha kunusishwa na kitunguu kilichopondwa havisaidii, ila vinasifiwa kwa sababu shambulio lilikuwa linaisha hata hivyo.

Likivuka dakika 5, mambo hubadilika. Uwezekano wa shambulio kujizima lenyewe unapungua sana. Ndiyo maana mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, liliweka mipaka miwili kwa mashambulio ya aina hii. Dakika 5 ndio mpaka wa kuanza kutibu. Dakika 30 ndio mpaka ambao ukivukwa, ubongo unaweza kubaki na madhara ya kudumu. Madaktari wa zamani walifundishwa kuhesabu nusu saa nzima kabla ya kuiita hali hiyo kwa jina lake la hatari, status epilepticus, yaani shambulio lisilokoma, na bado utakutana na mtu anayefikiri hivyo.

Kwa nini kungoja kunaharibu? Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme na kemikali. Kemikali moja, inayoitwa GABA, kazi yake ni kuzituliza. Ndiyo breki yake. Diazepamu, midazolamu na lorazepamu, zote za jamii ya benzodiazepini, hushikamana na vipokezi vya GABA na kuifanya breki ikamate zaidi. Sasa shambulio likiendelea, seli huanza kuvivuta vipokezi hivyo ndani, mbali na uso wake, na dawa inabaki na mahali pachache pa kushika. Mgonjwa anayefika hospitali baada ya saa nzima anaweza kupewa dozi sahihi kabisa na isifue dafu. Dozi hiyohiyo ingetolewa nyumbani dakika ya 5 au ya 6, pengine ingetosha.

Kwa anayeishi Kondele, hatua chache kutoka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, jambo hili halina uzito mkubwa sana. Kwa anayeishi Nyakach ya juu, au kisiwani Mfangano ambako kufika hospitali kubwa ni kungoja boti kwanza, ndilo jambo lenyewe. Dawa ya dharura ilibuniwa kwa ajili ya watu wa mbali kama hao, na inasikitisha kwamba mara nyingi wao ndio hawanayo.

Basi mbona isitolewe dakika ya kwanza, tukamaliza hofu mapema? Kwa sababu mashambulio mengi yangeisha yenyewe, na ungekuwa umemwongezea mtoto usingizi mzito na hatari ya kupumua vibaya bila faida yoyote. Pia mwili huzoea. Dawa inayotolewa kila mara kwa kila mtikisiko hupungua nguvu, na siku ya shambulio refu la kweli inakuwa imeishiwa makali. Usisahau pia kwamba dakika moja ya kumtazama mwanao akitikisika huonekana kama kumi. Usiamini moyo wako. Mtu mmoja ashike simu afungue saa ya kuhesabu tangu mwanzo, na ikiwezekana mwingine arekodi video. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watano waliotaharuki, na wakati mwingine ndiyo humwonyesha kwamba tukio halikuwa kifafa hata kidogo. Kuna mashambulio yanayotokana na msongo wa akili, ambayo humtikisa mtu kwa muda mrefu bila umeme wa ubongo kuvurugika. Mgonjwa wa namna hiyo akirundikiwa diazepamu juu ya diazepamu anaweza kuacha kupumua kwa sababu ya tiba.

Dakika 5 ni kanuni ya wengi, si ya wote. Yupo mtoto ambaye inajulikana kwamba shambulio lake likianza halijizimi, na daktari wake ameandika dakika 3. Yupo mtu mzima ambaye shida yake ni mashambulio mafupi yanayofuatana, matatu au manne ndani ya siku moja, na karatasi yake inasema apewe baada ya la tatu. Na yupo anayezubaa tu kwa sekunde kumi kisha akaendelea na uji wake. Huyo haguswi na dawa hii. Karatasi ya mgonjwa ndiyo inayotawala, si kanuni ya jumla wala ushauri wa jirani.

Miligramu si mililita

Hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, maana hapa ndipo watu wenye nia njema huumiza.

Chupa ya diazepamu ya sindano inayopatikana sana Kenya ina miligramu 10 ndani ya mililita 2 za dawa. Maana yake kila mililita 1 ina miligramu 5. Miongozo ya kutibu watoto, ya Kenya na ya Shirika la Afya Duniani, hutumia miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto mdogo, dawa ikipitia njia ya haja kubwa. Chukua mtoto wa kilo 10. Nusu mara kumi ni miligramu 5, yaani mililita 1, yaani nusu ya chupa.

Mama aliyeambiwa kwa haraka dirishani "mpe tano" atafanya nini usiku taa zikiwa zimepotea? Atatafuta tano kwenye bomba la sindano, na alama za bomba ni za mililita. Akiwa na chupa moja ataivuta yote, na mtoto atapata dozi maradufu. Akiwa na chupa tatu anaweza kufika hadi alama ya 5 kweli, na hizo ni miligramu 25, mara tano ya alichohitaji. Hakuna uzembe hapo. Aliyempa maelezo alitaja namba bila kutaja kipimo.

Kwa hiyo ukiwa kliniki, usitoke kabla hujajibiwa kwa mililita. Uliza: nivute hadi mstari gani wa bomba hili? Omba bomba dogo, la mililita 1 au 2, ambalo mistari yake inasomeka. Mwombe muuguzi alichore kwa kalamu ya wino usiofutika mahali pa kuishia, na bomba hilo likae pamoja na dawa. Halafu uliza mara ya pili ukiwa umelishika wewe, umwonyeshe kidole kilipo. Anayekasirika kwa swali la pili ana siku mbaya tu, wewe uliza.

Dozi hiyo haidumu pia. Mtoto aliyepimwa akiwa na kilo 10 leo atakuwa na kilo 16 baada ya muda, na karatasi ya zamani haitamtosha. Upande wa pili, kadiri mtu anavyokua ndivyo kiasi kwa kila kilo kinavyopungua. Katika jedwali linalotumika Marekani kwa jeli ya diazepamu ya njia ya haja kubwa, wenye miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 0.5 kwa kilo, wa miaka 6 hadi 11 hupewa 0.3, na wa miaka 12 na kuendelea hupewa 0.2. Mzazi anayezidisha nusu kwa kilo 50 za kijana wa kidato cha pili atapata miligramu 25 mahali ambapo jedwali linasema 10. Hesabu ni ya kujua ili ukague ulichoandikiwa, si ya kujiandikia.

Midazolamu ina mtego wake. Inapatikana katika chupa za nguvu tofauti: kuna yenye miligramu 1 katika mililita 1, na kuna yenye miligramu 5 katika mililita 1. Ukizoea ya kwanza, kisha siku moja kemisti akakupa ya pili, mstari uleule kwenye bomba utabeba dawa mara tano. Soma kibandiko kila unapoletewa chupa mpya, hata kama rangi ya boksi ni ileile.

Njia ya kuitoa

Diazepamu kwa njia ya haja kubwa hutolewa hivi. Chupa ya kioo huvunjwa shingo ukiwa umeifunga kwa kitambaa. Dawa huvutwa hadi mstari uliochorwa, kisha sindano huondolewa na kuwekwa mbali. Hii si hatua ya kuruka: sindano haiingii kwa mtoto. Mgonjwa akiwa amelala ubavu, bomba la plastiki lisilo na sindano huingizwa taratibu, sentimita 4 hadi 5 kwa mujibu wa kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha kutibu watoto hospitalini, dawa husukumwa polepole, kisha matako hubanwa pamoja kwa dakika chache ili isirudi nje. Mafuta kidogo ya kujipaka kwenye ncha ya bomba hurahisisha. Andika saa.

Midazolamu huenda shavuni. Bomba lisilo na sindano huwekwa kati ya fizi na shavu, upande wa chini, na dawa husukumwa kidogokidogo. Dozi kubwa hugawanywa mashavu mawili. Haimwagwi kooni. Povu likiwa jingi hufutwa kwanza.

Ipi bora? Utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto 330 na kuchapishwa mwaka 2008, ulilinganisha njia hizi mbili. Diazepamu ya njia ya haja kubwa ilishindwa kwa asilimia 43 ya watoto, midazolamu ya shavuni kwa asilimia 30. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao hawakuwa na malaria. Kwangu mimi, hata namba zingelingana ningechagua shavu, kwa sababu ya heshima ya mtu. Msichana wa miaka 15 akivuliwa nguo uwanjani mbele ya darasa zima hataisahau siku hiyo, na wapo wanaokataa kurudi shuleni kwa sababu hiyo tu. Kama diazepamu ndiyo iliyopo, na mara nyingi ndiyo, basi leso mbili na wanawake wawili wa kusimama kama pazia ni sehemu ya dawa yenyewe. Mwulize pia mwenyewe akiwa mzima: angependa nani amguse, na nani asiwepo?

Diazepamu ya kuchomwa kwenye msuli, pajani au kalioni, haifai kwa dharura hii. Inaingia mwilini polepole na bila mpangilio. Midazolamu inaweza kuchomwa msulini, lakini hiyo ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa. Vidonge navyo havina nafasi. Kidonge kilichosagwa kwenye maji na kumiminwa mdomoni mwa mtu asiye na fahamu huishia kwenye mapafu.

Dawa haifanyi kazi papo hapo. Mpe dakika 5 hadi 10. Wengi hupaparika dakika ya pili, wakaona "imekataa", wakatoa nyingine. Nyumbani, dozi ya pili haitolewi ila karatasi iwe imesema hivyo waziwazi.

Baada ya kutikisika kukoma

Watu hupumua kwa nafuu hapa, wakaenda kuchemsha chai. Hapa ndipo macho yanatakiwa zaidi. Hizi dawa hutuliza ubongo wote, pamoja na sehemu inayoendesha pumzi. Mgonjwa abaki ubavuni, kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo, na mtu mmoja akae naye asiondoke. Tazama kifua kinapanda na kushuka. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, tazama midomo kwa ndani, ulimi, fizi na viganja. Rangi ikigeuka ya kijivu au bluu, hewa haimfikii. Mkoromo wa kawaida si tatizo. Pumzi zinazokatika, kimya kirefu kati ya pumzi moja na nyingine, au mtu asiyeitika kabisa hata akifinywa, hiyo ni dharura mpya. Usingizi wa saa kadhaa ni wa kawaida. Asipewe chakula, maji wala kidonge hadi awe ameamka sawasawa na kukaa mwenyewe.

Mara ya kwanza kabisa dawa hii inapotumika kwa mtu, ni vyema apelekwe hospitali hata kama shambulio limekoma, ili aangaliwe anavyoipokea. Apelekwe pia shambulio lisipokoma dakika 5 hadi 10 baada ya dozi, lingine likianza kabla hajazinduka, kama aliangukia majini au motoni, kama amegonga kichwa, au kama hajawahi kushikwa kabla ya leo.

Safari yenyewe ina hatari yake. Kumbeba mtu asiyejitambua mshikaki, akiwa amebanwa kati ya dereva wa bodaboda na kaka yake, kichwa kikining'inia kifuani, ni kumziba njia ya hewa kwa mwendo wa kasi. Tuktuk ni afadhali mara mia: anaweza kulazwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa mtu. Familia yenye mgonjwa wa aina hii iwe na nambari ya dereva mmoja au wawili wanaoijua hali hiyo, waliokwisha kukubaliana bei mchana, si usiku wa manane.

Kuna mtego mmoja ambao sioni ukizungumzwa vya kutosha. Mama ametoa dozi nyumbani saa mbili kasorobo. Dispensari, kwa nia njema, inampa nyingine saa mbili na robo. Anapofika hospitali kubwa bado anatikisika kidogo, na daktari wa zamu, ambaye hajaambiwa chochote, anaanza upya kwa dozi ya kwanza ya kwake. Kila mmoja amefanya sahihi, na mtoto amepata dozi tatu ndani ya saa moja. Kadiri dozi za jamii hii zinavyozidi mbili ndivyo hatari ya pumzi kuzimika inavyopanda. Hospitali inayojua kwamba mbili zimeshatolewa huhamia dawa nyingine, kama phenobarbitali au phenytoini, na huandaa oksijeni na mfuko wa kupumulisha. Kwa hiyo beba chupa tupu. Andika mkononi mwa mtoto kwa kalamu ikibidi: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.

Pombe huzidisha hatari hiyo. Mtu aliyelewa chang'aa kisha akapewa diazepamu ana vitu viwili vinavyovuta pumzi chini kwa pamoja, na mwenye kuacha pombe ghafla baada ya miaka anaweza kutikisika kwa sababu hiyo tu. Anayemeza phenobarbitali kila siku naye anahitaji jicho la karibu zaidi. Nyanza pia ina watu wengi wanaotumia ARV, na hapa mambo hugongana kwa pande zote mbili: dawa za VVU zenye ritonavir zinaweza kuipandisha midazolamu mwilini, ilhali dawa za kifafa za kila siku kama karbamazepini, phenytoini na phenobarbitali huishusha dolutegravir, ambayo ni dawa ya VVU. Kliniki mbili zinazomhudumia mtu mmoja bila kujuana humpa matatizo ambayo hakuna iliyoyakusudia. Peleka vijitabu vyote viwili kwa kila daktari.

Pale ambapo si kifafa

Eneo la ziwa ni eneo la malaria mwaka mzima. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 mwenye homa kali anaweza kupata degedege bila kuwa na kifafa, na degedege linalorudiarudia au linalofuatwa na kutozinduka linaweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo. Diazepamu itazima kutikisika. Haitaua vimelea. Nimesikia wazazi wakisema "ametulia, tutakwenda kesho", na hilo ndilo linalonitisha zaidi katika habari hii nzima, kwa sababu dawa imeficha king'ora huku moto ukiendelea. Homa pamoja na kutikisika ni safari ya hospitali leo, kupimwa malaria na kupimwa sukari ya damu, maana sukari ikishuka nayo hutikisa mwili na hakuna kiasi cha diazepamu kitakachoirudisha.

Mjamzito aliyevuka nusu ya mimba na akaanza kutikisika hatakiwi kuchukuliwa kama mwenye kifafa cha kawaida, hata kama shemeji yake ana chupa ya diazepamu kabatini. Hiyo huenda ni shinikizo la damu la ujauzito, na dawa yake ya kwanza ni magnesiamu salfeti, ambayo hutolewa kituoni. Alazwe ubavu wa kushoto, gari litafutwe.

Kuhifadhi na kugawana habari

Diazepamu na midazolamu zimo katika orodha ya nne ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na hapa Kenya zinahitaji cheti cha daktari. Kemisti anayekuuzia bila kuuliza hakufanyii hisani, maana ndiye huyohuyo anayemuuzia kijana wa mtaani anayetafuta kulewa. Nyumbani zikae mahali pakavu, mbali na mwanga na mbali na bati la paa, ambalo Kisumu mwezi wa pili huchoma. Ziwe juu, watoto wasifikie, lakini pasiwe na kufuli ambalo ufunguo wake yuko nao baba aliyeko Busia. Usivute dawa kwenye bomba na kuiacha humo kwa wiki kadhaa ukifikiri unaokoa muda. Diazepamu hunywea kwenye baadhi ya plastiki, na siku ya haja utakuwa umepunguza dozi bila kujua. Tarehe ya mwisho iandikwe kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Karatasi yenyewe haihitaji urembo. Jina la mgonjwa na uzito wake na tarehe aliyopimwa. Shambulio lake la kawaida huonekanaje na huchukua muda gani. Dawa ya dharura, nguvu yake, mililita ngapi, njia ipi, dakika ya ngapi. Dozi ya pili: ndiyo au hapana. Nambari za simu mbili. Daktari atie sahihi. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa nyanya anayelala na mtoto, moja kwa mwalimu mkuu, na katika shule ya bweni moja kwa matroni, kwa sababu mashambulio mengi hayachagui saa za masomo. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kuisoma pamoja nanyi, na ni vyema mfanye mazoezi kwa maji matupu kwenye bomba, mkipimiana muda, siku ambayo hakuna mtu anayeumwa.

Kila mara dawa ya dharura inapotumika, iandikwe kwenye daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya dozi, saa ya kukoma, na kama kuna kidonge cha kila siku kilichorukwa. Hilo la mwisho ndilo jibu mara nyingi kuliko lingine lolote. Dawa ziliisha Ijumaa na kliniki ni Jumanne. Kibandiko cha jeli ya diazepamu ya Marekani huweka ukomo wa tukio moja kila siku 5 na matukio 5 kwa mwezi. Familia inayokaribia namba hizo isiende kuomba chupa zaidi. Iende na daftari, iseme dawa ya kila siku haitoshi au haimezwi, na ianzie hapo.